Kupima selimundu kwa spektrometa ya masi: kutoka tone la damu kavu hadi jibu la mtoto

Ukitaka kujifunza kupima protini za wagonjwa kwa spektrometa ya masi, yaani mashine inayotambua molekuli kwa masi yake, anza na himoglobini. Najua mafunzo mengi huanza na protini za saratani, kwa kuwa ndizo zinazovutia wafadhili. Lakini himoglobini imejaa tele kwenye damu, mfuatano wake wa asidi amino unajulikana herufi kwa herufi, na swali lake la kliniki linatuhusu moja kwa moja: je, mtoto huyu ana selimundu? Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, karibu mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa na kinasaba kimoja cha selimundu. Anayerithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, anaumwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu hutembea tofauti na ya mtu mzima wa afya ikiwekwa kwenye umeme. Mwaka 1956, huko Cambridge, Vernon Ingram aliikata himoglobini hiyo kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitawanya vipande kwenye karatasi, akakuta kipande kimoja tu kimehama mahali pake. Tutakayofanya hapa ni kazi ileile ya Ingram. Badala ya karatasi tuna mashine, na badala ya saa nyingi tuna dakika moja kwa sampuli.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kama maabara yako haina mashine hii, usiinunue kwa ajili ya selimundu peke yake. HPLC (kutenganisha himoglobini kwenye safu kwa kimiminika), jeli ya umeme ya IEF na vipimo vya haraka vya kidole vinafanya kazi hiyo vizuri. Uganda ilipima sampuli za watoto kutoka pande zote za nchi kuanzia mwaka 2014 kwa IEF, ikitumia kadi za damu zilizokuwa zimeshakusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU cha watoto wachanga. Mwongozo huu ni wa maabara ambayo tayari ina mashine yenye kwadrupoli tatu (vichujio vya masi vilivyopangwa kwa mstari), labda inayopima dawa, mabaki ya viuatilifu au asidi amino za watoto wachanga, na inataka kuifikisha kwenye protini.

Hatua ya 1: Andika swali la daktari kabla ya kugusa pipeti

Kuna maswali mawili yanayofanana kwa mbali. La kwanza: nani ni mgonjwa? La pili: nani ana kinasaba kimoja, yaani ni mbebaji? Mashine inaweza kujibu yote mawili, lakini si lazima yote yajibiwe. Wales, ilipoanza kupima selimundu kwa watoto wachanga mwaka 2013 kwa njia hii, ilichagua kutafuta wagonjwa tu, na ikaweka mipaka ya uwiano kati ya himoglobini ya selimundu na ya kawaida ili wabebaji wasitajwe kwenye majibu. Huo ni uamuzi wa sera, na maabara haipaswi kuufanya peke yake.

Kwetu sisi uamuzi una uzito zaidi kwa sababu ya wingi. Ukitangaza wabebaji mahali ambapo mmoja kati ya watano ni mbebaji, unahitaji washauri wa kuzungumza na wazazi hao wote. Bila washauri, utakuwa umetengeneza foleni ya watu wenye hofu. Kaa na daktari wa watoto na mratibu wa kliniki, muandike kwenye karatasi moja: nani atapimwa, akiwa na umri gani, jibu lipi litatoka, nani atampigia simu mzazi, na mtoto ataanza lini dawa ya kinga. Jaribio lililochapishwa mwaka 1986 huko Marekani lilionyesha kuwa penisilini ya kumeza ilipunguza maambukizi ya bakteria wa nimokoka kwa asilimia 84 kwa watoto wenye selimundu. Faida hiyo huwa kubwa zaidi jibu likifika ndani ya miezi miwili hivi ya mwanzo. Jibu sahihi likifika mtoto ana mwaka mmoja, limeshachelewa.

Hatua ya 2: Chagua peptidi, na uchague kwa ubishi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ukikosea kuchagua peptidi, yaani kipande kifupi cha protini utakachopima, hakuna mashine itakayokuokoa.

Beta-globini, mmoja wa minyororo inayounda himoglobini, ikiwa ya kawaida na ikikatwa na tripsini, ambayo hukata baada ya laisini (K) na arjinini (R), kipande chake cha kwanza ni VHLTPEEK. Kwenye selimundu, asidi amino ya sita imebadilika kutoka glutamati kuwa valini, kwa hiyo kipande kinakuwa VHLTPVEK. Herufi moja tu. Tofauti ya masi yake ni karibu 30, na kwa mashine hiyo ni tofauti kubwa mno, haina utata.

Himoglobini C ina badiliko mahali palepale, ila glutamati imekuwa laisini. Sasa tazama kinachotokea: tripsini inapata laisini mpya ya kukata, na kipande kinakuwa kifupi, VHLTPK. Maana yake ni kwamba ukitafuta A (ya kawaida) na S (ya selimundu) tu, mtoto mwenye C mbili ataonekana hana A wala S, na mwenye S na C ataonekana kama mwenye S mbili. Himoglobini C asili yake ni Afrika Magharibi na si ya kawaida kwetu, lakini watu wanahama na kuoana, kwa hiyo iweke kwenye orodha. Vivyo hivyo himoglobini D-Punjab na E, ambazo zina mabadiliko kwenye vipande vingine: ya D iko kwenye kipande kinachoanza EFTPPVQAAYQK, ambacho huwa QFTPPVQAAYQK, na E hukifupisha VNVDEVGGEALGR kuwa VNVDEVGGK. Mwambao wa Afrika Mashariki na nchi za Ghuba zina familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi, na S ikikutana na D-Punjab inaleta ugonjwa wa kweli. Mtoto huyo, ukipima kipande cha kwanza peke yake, ataonekana mbebaji wa kawaida tu.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwa delta-globini, ambayo hutengeneza himoglobini A2. Mwanzo wake ni VHLTPEEK pia, herufi zilezile nane. Mgonjwa wa S mbili hana beta ya kawaida hata chembe, lakini delta yake itatoa kilele kidogo cha "A". Kwa mtoto wa siku chache haisumbui, kwani A2 yake haifiki asilimia 1. Kwa mtoto wa mwaka mmoja A2 ni asilimia 2 hadi 3 hivi, na kilele kinaonekana wazi. Asiyejua hili ataandika kuwa mgonjwa ana A kidogo, na daktari ataanza kufikiria thalasemia ya beta (ugonjwa wa kurithi ambapo beta hutengenezwa kidogo au haitengenezwi kabisa) au damu aliyoongezewa.

Dawa ya mtego huo ni kuongeza peptidi ya pili ya beta. Kipande kinachofuata ni SAVTALWGK kwenye beta, na TAVNALWGK kwenye delta. SAVTALWGK hutoka kwa beta zote, ziwe A, S au C, na haitoki kwa delta. Ukiipima, unapata jumla ya beta, kisha unaweza kuhesabu kama A na S zinajumlika vizuri. Ina triptofani (W), ambayo huoksidika kidogo kidogo, kwa hiyo usiitegemee kama kipimo kikuu. Ni shahidi wa pembeni.

Kwa protini nyingine yoyote, maswali ya kujiuliza ni haya. Je, mfuatano huu unapatikana kwa protini hiyo peke yake kwenye mwili wa binadamu? Tafuta kwenye hifadhidata ya UniProt. Beta-globini ni P68871 na delta ni P02042. Je, una methionini au sisteini, ambazo huoksidika? Je, una N ikifuatiwa na G, muunganiko unaobadilika haraka wenyewe? Je, kuna watu wenye tofauti ya kijenetiki katikati ya kipande? Urefu wa asidi amino 7 hadi 20 kwa kawaida unafaa.

Hatua ya 3: Peptidi nzito, kemikali na umeme

Agiza nakala ya kila peptidi yenye laisini nzito, yaani iliyotengenezwa kwa kaboni 13 na naitrojeni 15. Ni kemia ileile, ila masi imeongezeka kwa 8. Inapita kwenye mashine bega kwa bega na peptidi ya mgonjwa, ikipungua inapopungua na kupanda inapopanda, kwa hiyo uwiano kati yao unabaki palepale hata kama mashine imechoka. Mwambie muuzaji akupe kiasi kilichopimwa kwa uchambuzi wa asidi amino. Ukipimiwa unga kwa mizani tu, sehemu ya uzito huo ni chumvi na maji.

Igawe kwenye mirija midogo ya plastiki isiyonata, kila mmoja wa kutumia mara moja, uhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunapoteza peptidi bila kukuambia.

Maji, asetonitrili na asidi fomiki viwe vya daraja la spektrometria. Hapa usibane matumizi. Sodiamu kutoka maji ya kawaida ya maabara hugawa ishara yako vipande vipande.

Kuhusu umeme: pampu za ombwe hazipendi kukatikiwa. UPS iwe na uwezo wa kuibeba mashine mpaka jenereta ishike, au angalau mpaka uizime kwa utaratibu. Jenereta ya naitrojeni nayo iwe kwenye laini hiyohiyo, kwani mashine yenye umeme bila gesi ni kabati tu. Baada ya ombwe kuanguka, ipe mashine usiku mzima kabla ya kuamini namba zake.

Hatua ya 4: Sampuli

Damu ya kisigino kwenye karatasi chujio, tone moja kwa kila duara, lipenye mpaka upande wa pili. Kadi ikauke ikiwa imelala, mbali na jua, angalau saa tatu. Baada ya hapo iingie kwenye mfuko wenye vikausha unyevu. Kwa Tanga, Mombasa au Unguja usiruke kikausha unyevu. Hewa ya pwani inarudisha maji kwenye karatasi.

Faida moja ya njia hii ni uvumilivu. Kadi ikikaa kwenye joto, himoglobini yake huoksidika na mistari ya IEF au vilele vya HPLC huanza kufifia na kuchanganyika. Mfuatano wa peptidi hauathiriki kwa kiasi hicho, kwa kuwa tutaikata protini hata hivyo. Usilichukue hilo kama ruhusa ya kuzembea kwenye usafiri.

Fomu iulize mambo matatu: umri kwa siku, kama alizaliwa njiti, na kama ameongezewa damu. Mtoto aliyeongezewa damu anabeba himoglobini ya mchangiaji kwa miezi, na jibu lake halina maana. Chukua kadi kabla ya damu kuongezwa, hata kama ni usiku wa manane. Nimeona fomu nzuri sana zenye nafasi ya kazi ya baba na kabila la mama, zisizo na swali la damu.

Umri nao una uzito. Uingereza hupima siku ya tano. Kwetu mama huruhusiwa mapema, kwa hiyo kadi huchukuliwa ama siku ya kuzaliwa, ama kliniki ya wiki ya sita. Siku ya kuzaliwa, himoglobini ya kichanga (F) ni asilimia 60 hadi 80 ya yote, na beta ni kidogo. Kwa njiti ni kidogo zaidi. Wiki ya sita beta imeongezeka. Usitumie mipaka ya umri mmoja kwa umri mwingine.

Hatua ya 5: Kukata protini

Toboa kidonge cha milimita 3.2 kutoka kwenye duara. Kina damu kama mikrolita 3, ambayo kwa mtoto mchanga ni karibu nusu miligramu ya himoglobini. Hiyo ni nyingi mno kwa mashine, na ndiyo raha ya himoglobini: huhitaji kuitafuta.

Weka kidonge kwenye kisima cha pleti ya visima 96, ongeza maji, tikisa mpaka rangi itoke. Hamisha sehemu yake kwenye pleti safi. Ongeza bafa ya amoni baikaboneti yenye pH ya karibu 8 na asetonitrili kidogo, kiasi cha asilimia 20 hivi ya ujazo wa mwisho. Asetonitrili hulegeza protini ili tripsini iingie. Kisha ongeza tripsini iliyotibiwa kwa TPCK, ambayo huzima uchafu wa kimotripsini usije ukakata mahali pasipotakiwa. Yeyusha tripsini kwenye asidi haidrokloriki hafifu, milimola 1, muda mfupi kabla ya kutumia. Ukiiacha kwenye bafa itajila yenyewe.

Funika pleti, nyuzi 37, dakika 30. Njia zilizochapishwa kwa ajili ya watoto wachanga hutumia muda wa aina hiyo. Simamisha kwa kuchanganya na maji na asetonitrili nusu kwa nusu, yenye asidi fomiki asilimia 0.1, zungusha kwenye sentrifuji, na chukua kimiminika cha juu.

Lakini dakika 30 za maabara nyingine si dakika 30 zako. Chukua damu ya mbebaji, yaani yenye A na S, ikate kwa dakika 5, 15, 30, 60, 120 na usiku kucha, kisha chora uwiano wa S kwa A dhidi ya muda. Kuna sababu ya kufanya hivi ambayo wengi hawaitaji. Asidi amino zenye chaji hasi zikiwa karibu na laisini, tripsini hupunguza kasi. Kipande cha A kina glutamati mbili kabla ya laisini, cha S kina moja. Kwa hiyo S inaweza kuachia mapema kuliko A, na ukisimamisha kabla ya wakati uwiano utaegemea S. Endelea mpaka mstari ulale, kisha ongeza muda wa akiba juu yake.

Kumbuka pia kwamba peptidi nzito uliyoiongeza tayari imekatwa. Hairekebishi ukataji uliofeli, hurekebisha yanayotokea baada ya hapo tu. Ukitaka mlinzi wa ukataji, agiza peptidi nzito ndefu yenye asidi amino za ziada pande za kukatwa, au tumia damu ya kontroli inayopita njia nzima tangu karatasi.

Hatua ya 6: Kuipanga mashine

Kwadrupoli ya kwanza inachuja peptidi nzima, ya pili inaivunja kwa gesi, ya tatu inachuja kipande kilichovunjika. Peptidi zote hupokea chaji mbili. Namba za kuanzia, yaani masi ikigawanywa kwa chaji, ni hizi:

VHLTPEEK (A): 476.8 kwenda 502.3
VHLTPVEK (S): 461.8 kwenda 472.3
VHLTPK (C): 347.7 kwenda 244.2
A nzito: 480.8 kwenda 510.3
S nzito: 465.8 kwenda 480.3

Vipande vya 502.3 na 472.3 ni PEEK na PVEK. Peptidi hupenda kuvunjika kabla ya prolini, na ndiyo sababu ishara ina nguvu pale. Kwa kila peptidi ongeza kipande cha pili cha kuthibitisha: kwa A 716.4, kwa S 686.4. Uwiano kati ya vipande viwili ukihama zaidi ya asilimia 20 kutoka ule wa peptidi safi, kuna kitu kingine kimeingia. Usikipe jibu kilele hicho.

Ingiza kila peptidi moja kwa moja kwa sindano ya pampu na utafute nishati ya kuvunja inayotoa ishara kubwa zaidi. Hii ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna haja ya kunakili namba za mashine ya mwenzako.

Je, utumie safu ya kutenganisha? Maabara kubwa za watoto wachanga huingiza sampuli bila safu, dakika moja kila moja. Kama una sampuli chache kwa siku, mimi ningeweka safu fupi ya C18. Inakupa muda wa kutoka kama ushahidi wa ziada, na inapeleka chumvi kwenye taka badala ya kwenye chanzo cha ayoni.

Hatua ya 7: Kuithibitisha njia

Kwa protini na peptidi, mwongozo wa CLSI (taasisi ya viwango vya maabara ya Marekani) uitwao C64 wa mwaka 2021 ndio wa kusoma kwanza, na C62 kwa spektrometria kwa jumla. Mkaguzi wa ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, atataka kuona kazi hii, na hata asipotaka, ifanye.

Pima sampuli zilezile mara tano kwa siku, siku tano. CV, yaani mtawanyiko wa majibu kwa asilimia ya wastani, isizidi asilimia 15, au 20 kwenye kiwango cha chini kabisa. Changanya damu ya A na ya S kwa viwango vinavyojulikana uone kama mstari umenyooka. Weka sampuli tupu baada ya sampuli yenye S nyingi uone kama kuna mabaki yanayohamia. Halafu linganisha na HPLC au IEF kwa kadi za watoto halisi: wa kawaida, wabebaji, wagonjwa, njiti, waliozaliwa pacha. Mahali zinapotofautiana, DNA iamue.

Mipaka ya uwiano isitoke kwenye makala ya Ulaya. Chora uwiano wa S kwa A wa watoto wako, uone makundi yanavyojitenga, na uweke mpaka kwenye uwazi. Pasipo na uwazi, weka eneo la kurudia kipimo.

Hatua ya 8: Kila siku

Kila pleti iwe na kisima kitupu, kontroli ya kawaida, ya mbebaji na ya mgonjwa, zote kutoka kwenye karatasi. Fuatilia ukubwa wa ishara ya peptidi nzito kwenye chati. Ikishuka taratibu kwa wiki, safisha koni ya chanzo. Ikishuka ghafla kwenye sampuli moja, rudia sampuli hiyo. Ikishuka kwenye pleti nzima, angalia kwanza naitrojeni, kisha chupa ya asidi fomiki, kabla ya kumpigia fundi.

Hatua ya 9: Kusoma majibu

Mbebaji ana A na S, lakini hazilingani. Minyororo ya alfa huipendelea beta ya kawaida, kwa hiyo S hubaki asilimia 35 hadi 40 ya himoglobini ya mtu mzima aliye mbebaji. Uwiano wa S kwa A, ukisharekebishwa kwa peptidi nzito, uko chini ya moja. Rekebisho hilo ni la lazima, kwani peptidi hizi mbili hazina sauti sawa kwenye mashine.

Uwiano ukizidi moja huku A ipo, fikiria S na thalasemia ya beta ambayo bado inatoa beta kidogo. S peke yake bila A inaweza kuwa S mbili, au S na thalasemia isiyotoa beta kabisa. Mashine haiwezi kuzitenganisha, na kwa mtoto mchanga hatua za mwanzo za matibabu hazitofautiani. Bila A, S wala C, usiandike jibu. Tazama SAVTALWGK: kama ipo, mtoto ana badiliko jingine kwenye kipande cha kwanza, kama haipo, huenda ni njiti sana, au ukataji umefeli.

Ripoti iseme wazi kuwa ni uchunguzi wa awali, na kwamba mtoto aliyeonekana mgonjwa anahitaji sampuli mpya na njia ya pili. Kadi ileile ikirudiwa inathibitisha kadi, haithibitishi jina lililoandikwa juu yake.

Ukiizoea, nenda kwa protini adimu

Baada ya himoglobini, kila protini nyingine itakuonyesha umaskini. Chukua thairoglobini, ambayo hutengenezwa na tezi ya thairoidi tu. Aliyeondolewa tezi kwa sababu ya saratani hapaswi kuwa nayo. Ikirudi, huenda saratani imerudi. Vipimo vya kawaida hutumia kingamwili, na karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano ana kingamwili zake mwenyewe zinazoificha thairoglobini, hivyo jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Tripsini inakata zote mbili, thairoglobini na kingamwili inayoificha. Hapo ndipo spektrometa inaposhinda.

Ugumu ni kiasi. Mikrogramu 1 kwa lita ya thairoglobini inaogelea kwenye seramu yenye albumini mara milioni 40 zaidi. Nusu mililita ya seramu hiyo inakupa femtomoli 1.5 tu za peptidi. Kwa hiyo baada ya kukata unahitaji kuivua peptidi kwa kingamwili iliyonatishwa kwenye shanga za sumaku, njia aliyoieleza Leigh Anderson mwaka 2004, na ambayo Andrew Hoofnagle na wenzake wa Seattle waliitumia kwa thairoglobini mwaka 2008. Peptidi inayotumika sana ni VIFDANAPVAVR, 636.4 kwenda 912.5. Hakikisha umeizima tripsini kabla ya kuweka shanga, la sivyo itakula kingamwili unayoitegemea.

Na kwenye ripoti, andika kiwango cha chini unachoweza kupima. Vipimo bora vya kingamwili hushuka mpaka mikrogramu 0.1 kwa lita au chini yake. Spektrometa nyingi hukwama kwenye 0.2 hadi 0.5. Wapo wagonjwa wenye kingamwili ambao saratani inaonekana kabisa kwenye picha, na bado thairoglobini yao haionekani kwa spektrometa. Kwa hao andika "chini ya 0.5", au namba yoyote uliyoithibitisha mwenyewe, usiandike sifuri, na mwombe daktari aangalie shingo kwa ultrasaundi.